Gemu inalagi na spidi ipo: shida ni foleni, na foleni inabidi uihamishie kwenye ruta yako

Kila mtu akilalamika gemu inalagi, ushauri wa kwanza anaopewa ni "ongeza kifurushi". Na watu wanaongeza kweli, mtu anatoka megabiti 10 kwa sekunde anaenda 20, anatoka 20 anaenda 40, analipa kila mwezi, na bado saa tatu usiku akiingia kwenye mechi mchezaji anaganda, anabonyeza shuti mpira unatoka baadae, anajificha nyuma ya ukuta na bado anapigwa risasi. Hii kitu inaniuma kwa sababu nimeiona kwa watu wengi na tumeiishi nyumbani kwetu, hela inatoka na tatizo linabaki palepale, maana toka mwanzo tatizo halikuwa spidi.

Ngoja nianze na nyumbani. Tuko sita, Tabata, tuna faiba ya kifurushi cha 20, aplodi, yaani spidi ya kutuma, nikipima napata kama 8. Mimi nacheza mpira kwenye PS4, mdogo wangu gemu ya PUBG kwenye simu, dada anauza nguo mtandaoni kwahiyo jioni ndo anapandisha video za mzigo mpya, na mama muda huohuo anaongea na mama mdogo aliyeko Muscat kwa video. Ukipima spidi usiku unakuta 19, unakuta 20, safi kabisa. Ila dada akianza tu kupandisha video, ile namba ya ms (milisekunde) kwenye skrini ya mdogo wangu inatoka kijani inaenda njano inaenda nyekundu, mama nae anaanza "haloo, haloo, unanisikia?", na mimi huku beki wangu anakimbia peke yake.

"Dada, si usubiri tumalize hii mechi?"

"Na wateja wangu nao wakusubiri wewe?"

Ilikuwa hivyo karibu kila siku, na kila mtu alikuwa na haki yake. Video ya dada ni biashara, simu ya mama ni dada yake hajamwona miaka. Kumwambia mtu azime sio suluhisho, na ndo maana nikakaa chini nikaamua nielewe hii kitu inafanyaje kazi ndani ya ruta.

Kitu cha kwanza cha kuelewa ni kwamba gemu yenyewe inakula kidogo sana. Kudaunlodi gemu ndo mzigo, apdeti moja inaweza kufika makumi ya gigabaiti, lakini ukishaingia kwenye mechi kinachopita ni vipaketi, yaani vipande vya data, vidogo vidogo tu, "nimesogea hapa, nimebonyeza hiki", makumi kwa sekunde, kila kimoja cha baiti mia na kitu, na mara nyingi vyote kwa pamoja havifiki hata megabiti 1 kwa sekunde. Video ya YouTube inakula zaidi ya hapo. Kwahiyo anayecheza kwenye laini ya 10 na anayecheza kwenye laini ya 100, kama hamna mtu mwingine anayetumia, wanaweza wakawa na mechi ileile kabisa. Gemu haihitaji upana, inahitaji kufika kwa wakati, na kufika kwa wakati kila mara, sio mara hii milisekunde 60 mara ile 400. Kile kinachopima safari ya kwenda kwenye seva, ile kompyuta inayoendesha mechi, na kurudi ndo tunaita pingi, na kule kupanda kushuka kwake ndo kunaua mechi kuliko hata pingi yenyewe kuwa kubwa, maana pingi ya 150 isiyotikisika unaizoea, unajua pasi yako inachelewa kiasi gani, ila inayorukaruka huwezi kuizoea kamwe.

Sasa hesabu yenyewe, na hapa naomba usiruke. Paketi ya kawaida iliyojaa, kama zile za video ya dada, ina baiti 1,500, yaani biti 12,000. Kwenye aplodi ya megabiti 8 kila paketi ya hivyo inachukua milisekunde 1.5 kutoka. Ni kidogo, hamna shida. Lakini simu ya dada haitumi paketi moja ikasubiri, inamwaga paketi haraka kuliko laini inavyoweza kutoa, na zinazobaki zinapangwa kwenye kumbukumbu ya kifaa, ile bafa, zikisubiri zamu. Kama kwenye bafa kuna paketi 500 mbele, kipaketi cha gemu kinachokuja kinaenda kukaa nyuma ya zote, na 500 mara 1.5 ni milisekunde 750. Robo tatu ya sekunde, na hapo bado hakijatoka hata nje ya nyumba. Spidi haijashuka, ukipima utaona laini inafanya kazi mpaka mwisho wake, kinachokuua ni foleni.

Fikiria duka la mtaani muda wa jioni. Mama mmoja kaja na orodha ya mwezi mzima, mchele, unga, mafuta, sabuni, sukari, muuzaji anapima kimoja kimoja. Nyuma yake kuna mtoto katumwa kiberiti. Kama muuzaji anafuata foleni kwa ukali kabisa, mtoto atasimama pale mpaka orodha iishe na huko nyumbani jiko halijawashwa. Lakini muuzaji mwenye akili anampa mtoto kiberiti chake katikati ya kupima mchele na kupima unga, sekunde mbili, na yule mama mwenye orodha wala hajapungukiwa kitu. Ruta nyingi tulizonazo majumbani ni yule muuzaji wa kwanza, aliyetangulia ndo anahudumiwa, na mbaya zaidi lile duka limejengewa kibaraza kirefu mno cha kusubiria, watengenezaji waliweka bafa kubwa wakiamini paketi kupotea ni dhambi, kumbe paketi iliyochelewa robo tatu ya sekunde kwenye gemu haina tofauti na iliyopotea.

Hii habari ya bafa kuvimba ilipata jina na kelele mwaka 2010 na 2011 kupitia mhandisi mmoja wa Marekani, Jim Gettys, alikuwa anatuma mafaili makubwa kutoka nyumbani kwake akaona ucheleweshaji unapanda kupita sekunde 1, wakati laini yake ilikuwa nzuri tu. Akafuatilia akagundua sio kwake peke yake, ni dunia nzima. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakaja na njia inaitwa CoDel, ambayo haiangalii foleni ina paketi ngapi, inaangalia paketi zimekaa humo muda gani, na kama zinakaa zaidi ya milisekunde 5 kwa muda wa kutosha inaanza kudondosha chache ili anayetuma ashtuke apunguze mwendo. Ikachanganywa na ule ujanja wa muuzaji wa kiberiti, kila mazungumzo, yaani kila muunganiko, yanapewa foleni yake ndogo na zinahudumiwa kwa zamu, ikawa fq_codel, ambayo iliandikwa rasmi kama waraka wa kiufundi wa intaneti, RFC 8290, mwaka 2018. Mwaka huohuo mdogo wake, CAKE, akaingia kwenye Linux. Mtu aliyezunguka akisukuma hizi kazi kwa miaka mingi ni Dave Täht, amefariki 2025, na kila kitu walichotengeneza kiko wazi, bure, yeyote anaweka kwenye ruta yake. Mimi simjui mtu huyo ila kila mama akimaliza simu yake ya Muscat bila kukatika namkumbuka.

Tukiingia kwenye ruta sasa, hapa ndo watu wengi wanapotea. Mtu anaingia kwenye setingi, anaona sehemu imeandikwa QoS, yaani setingi ya kupanga nani apite kwanza, anawasha, anaipa PS4 kipaumbele cha juu, anasevu, anarudi kwenye mechi, hamna kilichobadilika. Anasema QoS ni uongo. Sio uongo, ila kaweka askari wa trafiki kwenye barabara ambayo haina magari.

Fuatilia njia. Kutoka kwenye PS4 mpaka kwenye ruta ni haraka. Kutoka kwenye ruta yako kwenda kwenye kile kiboksi cha faiba ukutani ni waya wa megabiti 100 au 1,000 kwa sekunde, haraka sana. Halafu kutoka kwenye kiboksi kwenda kwa kampuni ndo kuna ule mfereji wako wa 8. Maji yanajaa wapi? Yanajaa pale panapobana, yaani ndani ya kiboksi, au kwenye mitambo ya kampuni huko, sio ndani ya ruta yako. Ndani ya ruta yako hamna foleni hata kidogo, kila paketi ikifika inapita hapohapo, na kipaumbele ni kazi ya kupanga foleni, kama hamna foleni hamna cha kupanga. Kile kiboksi ndo kina foleni na chenyewe hakijui PS4 yako ni nini.

Kwahiyo siri yote ni moja: lazima upunguze spidi ya ruta yako kwa makusudi, iwe chini kidogo ya laini halisi, ili sehemu inayobana iwe ni ruta yako na sio kile kiboksi. Ukifanya hivyo foleni inahama, inakuja kusimama kwako ambapo wewe ndo unaamua nani apite. Najua inauma, mtu analipia 20 halafu anaambiwa ajifunge 18, lakini hizo 2 unazotoa ndo bei ya kuwa na usukani, na kwa maoni yangu hamna megabiti 2 zilizowahi kufanya kazi kubwa kama hizo.

Kwa upande wa daunlodi inafanya kazi tofauti kidogo, na ni haki kusema ukweli hapa. Aplodi unaitawala kabisa kwa sababu paketi zinatoka kwako. Daunlodi paketi zinakuja zimeshapita mfereji wa kampuni, ruta yako inachoweza ni kuzichelewesha au kudondosha baadhi ili seva ya huko inayotuma ione inabidi ipunguze. Seva nyingi zinatii, ila inachukua muda kidogo kushtuka, ndo maana daunlodi unakata zaidi kuliko aplodi. Na kwa majumba mengi, kama kwetu, mwizi mkubwa hata sio daunlodi, ni aplodi, maana ndo nyembamba na ndo mtu haioni. Simu inapandisha picha kwenye Google Photos, WhatsApp inafanya bakapu, kompyuta ya Windows inaweza ikawa inagawia kompyuta nyingine apdeti zake, na wote mnaulizana nani anatumia intaneti wakati kila mtu simu yake iko mfukoni.

Kabla hujagusa setingi yoyote pima kwanza, na upime mara tatu tofauti. Fungua CMD, lile dirisha la kuandika amri, kwenye kompyuta ya Windows uandike ping -t halafu anwani ya ruta yako mwenyewe, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, zile ruta za Huawei za faiba huwa 192.168.100.1 na za laini ya simu 192.168.8.1. Ikijibu milisekunde 1, 2, 3 bila kuruka, ndani ya nyumba kuko salama. Ikiwa inaruka 5, 80, 12, 200, acha kabisa kusoma habari za QoS, shida yako ni wayafai na hamna setingi ya kipaumbele itakayoiponya. Nunua waya wa Cat5e uchomeke, na kama waya haufiki hamia wayafai ya 5 GHz, na kama ruta iko mbali ubaki 2.4 basi chagua chaneli 1, 6 au 11 maana ndo zisizoingiliana. Kwetu PS4 ilikuwa chumba cha nyuma, kuta mbili katikati, nikavuta waya wa mita 15 kupitia juu ya dari na hiyo peke yake ikaondoa nusu ya matatizo yangu siku hiyohiyo.

Kipimo cha pili ni ping -t 8.8.8.8, anwani ya Google, nyumba ikiwa kimya, labda alfajiri. Kwetu ilikaa 40 na kitu. Cha tatu ni hichohicho ila dada anapandisha video. Ikaenda 90, 210, 480, 640, ikakaa hukohuko mpaka video ikaisha, halafu ikashuka yenyewe ikarudi 40. Ukiona hivyo basi umeshajua ugonjwa, na dawa yake ipo. Kama hutaki CMD, fungua fast.com ukibonyeza kuona maelezo zaidi inakupa ucheleweshaji wakati laini iko tupu na wakati imejaa, tofauti ya hizo namba mbili ndo foleni yako. Na spidi usipime mara moja, pima asubuhi, mchana, na saa tatu usiku, kwa waya, andika ile ndogo, maana namba utakayoitumia ni ile laini inayokupa siku mbaya sio siku nzuri.

Setingi yenyewe inategemea una ruta gani. Ile ambayo kampuni imekuletea bure mara nyingi sehemu ya QoS imefungwa au haipo, usihangaike nayo. TP-Link za Archer nyingi zinayo, unaingia Advanced, halafu QoS, unawasha, inakuuliza upana wa laini yako wa aplodi na daunlodi, na hapo ndo moyo wa kazi, usiandike namba ya kwenye kifurushi, andika asilimia 85 mpaka 90 ya ile ndogo uliyopima. Kwetu ilikuwa 17 na 7. Halafu chini yake unachagua vifaa vyenye kipaumbele. Weka kimoja au viwili tu. Nimeona mtu kaweka PS4, simu mbili, TV na kompyuta zote kipaumbele cha juu, sasa hapo umerudi kulekule, kila mtu akiwa mheshimiwa hamna wa kupisha.

Na angalia sana vipimo, kuna ruta zinataka megabiti na nyingine zinataka kilobiti. Mara ya kwanza niliandika 18 kwenye nafasi iliyotaka kilobiti, maana yake nyumba nzima nikaipa kilobiti 18 kwa sekunde, simu ya mama ikakata hapohapo na hata ukurasa wa ruta wenyewe nikaufungua upya kwa wasiwasi nikidhani nimeua kitu. Kilobiti ilitakiwa 18,000. Kingine cha kuangalia ni simu, simu za siku hizi zina tabia ya kubadilisha anwani yake ya MAC, yaani kitambulisho chake kwenye mtandao, kwa ajili ya faragha, sasa wewe umeipa kipaumbele anwani ya jana na leo simu imekuja na jina jingine, ruta haiitambui. Ingia kwenye setingi za wayafai za simu, kwa mtandao wa nyumbani tu, uiambie itumie anwani yake halisi.

Kama ruta yako inakubali OpenWrt, programu huria ya kuendesha ruta, basi uko mahali pazuri kuliko wote. Unaweka programu ya luci-app-sqm, unachagua upande wa nje unaoenda kwenye intaneti, unaandika daunlodi na aplodi kwa kilobiti, kwenye aina ya foleni unachagua cake, unasevu, umemaliza. Hutaji PS4, hutaji PUBG, hutaji namba ya mlango (port) wowote, hamna orodha ya vifaa. Hii ndo ninayoipenda zaidi na nina sababu. Kipaumbele cha mkono kinakutaka ujue kila kifaa na kila gemu, na kesho akija mgeni na simu yake mpangilio umeharibika. CAKE na fq_codel hazihitaji kujua jina lako, zinaangalia tabia, anayetuma vipaketi vichache vya hapa na pale anapita mbele, anayemwaga mzigo anasubiri zamu, mtoto wa kiberiti anapata kiberiti chake hata kama ni mara ya kwanza kufika dukani. Ndo maana simu ya mama ikapona bila mimi kuigusa. CAKE pia inaweza kugawa kwa kifaa, kwahiyo mtu mwenye torenti lenye miunganiko 50 hapati mafungu 50, anapata la kwake moja.

Wenye ruta za Mikrotik, na huku kwetu ziko nyingi kwa sababu ya watu wa hotspoti, kuanzia RouterOS 7 mnazo zote mbili, fq_codel na CAKE. Mnatengeneza aina ya foleni kwanza, halafu kwenye Simple Queues mnaweka mtandao wa ndani, 192.168.88.0/24 kama hamjabadilisha, na mipaka ya aplodi na daunlodi. Ila kuna mtego mmoja ambao umepoteza usiku wa watu wengi: kwenye faiawoli ya kiwandani kuna sheria ya FastTrack, na paketi zikishapita humo zinairuka foleni yako yote. Unaweka kila kitu sahihi na pingi bado inapanda. Izime ile sheria, kisha pima tena. Kwenye ruta za aina nyingine kitu cha namna hiyo kinaitwa kuharakisha NAT (kazi ya kugawia vifaa vyote anwani moja ya nje) kwa hadwea, nacho ni hivyohivyo, kizime. Gharama yake ni prosesa ya ruta kufanya kazi zaidi, na ruta ndogo ya zamani kwenye laini ya 100 inaweza ikazidiwa, ila kwa hizi laini zetu za 10, 20, 30 nyingi zinaweza.

Kitu kingine ambacho kinasahaulika, kama una ruta mbili, ya kampuni ukutani na yako nyuma yake, hakikisha wayafai ya ile ya kampuni umeizima kabisa. Kwetu nilimaliza kila kitu, nikapima, nikafurahi, kesho yake pingi ikaruka tena 500. Nikazunguka nyumba nzima, kumbe simu ya dada ilikuwa bado imejiunga na wayafai ya zamani, ile ya kiboksi, kwahiyo video zake zinaingia kwenye mfereji bila kupita kwangu. Foleni imerudi kule kwenye kiboksi. Kila kifaa cha nyumba lazima kipite mlango mmoja, hata TV, hata simu ya mgeni.

Wa laini ya simu, 4G na 5G, kazi yenu ni ngumu zaidi na sitaki kuwadanganya. Faiba inakaa sehemu moja, ukisema 20 ni 20 au karibu yake, ila mnara unagawana na mtaa mzima, saa nne asubuhi unapata 35 na saa tatu usiku 6, sasa utaweka mpaka wapi? Ukiweka 30 usiku foleni inahamia kwenye mnara, ukiweka 5 mchana kutwa unajinyima. Kama gemu ndo kipaumbele chako, weka ya usiku, angalau kwenye aplodi. Kwa watu wa OpenWrt kuna skripti inaitwa cake-autorate, inapima pingi yenyewe muda wote na kupandisha au kushusha ule mpaka wa spidi kulingana na hali, hiyo ndo ya kwenu. Na ruta ikae dirishani upande wa mnara, sio nyuma ya TV.

Kuna mambo ambayo foleni haihusiki nayo na hutayaponya kwa QoS hata ukae na ruta usiku kucha. Umbali ni la kwanza. Mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwahiyo kila kilomita 1,000 kwenda na kurudi inakugharimu milisekunde 10 hata kama mitambo yote ni mipya. Dar mpaka Johannesburg ni kama kilomita 2,500 kwa mstari ulionyooka, hapo hushuki chini ya 25. London ni kama 7,500, hushuki chini ya 75, na kebo haziendi mstari ulionyooka, zinazunguka baharini, Bahari ya Shamu, Misri, Mediterania, ndo maana kwenye seva za Ulaya kuona 150 ni kawaida. Mwezi wa tano 2024 kebo za EASSy na Seacom zilivyokatika, hapa Tanzania na nchi jirani intaneti ilishikwa pabaya siku kadhaa, na siku kama hiyo hamna ruta itakayokuokoa. Unachoweza ni kuchagua seva, Fortnite kwa mfano inakuonesha pingi ya kila kanda kwenye setingi, usikubali ichague yenyewe, jaribu Mashariki ya Kati, jaribu Ulaya, uone ipi inakaa chini na imetulia. Na lile tatizo la PS4 kukuandikia NAT kali au kushindwa kuunganishwa na marafiki, hilo nalo ni jingine, mara nyingi ni kampuni kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, hapo unapiga simu huduma kwa wateja uulize kama wanaweza kukupa anwani yako mwenyewe.

Baada ya kuweka mipaka rudi kwenye kile kipimo cha tatu. Sisi tulifanya usiku, dada kashika simu, mdogo wangu yuko ndani ya mechi, mimi naangalia dirisha la CMD. "Dada, pandisha." Akabonyeza. Ikaja 44, 47, 52, 46, 49. Nikamwambia apandishe na ya pili. 51, 48, 55. Mdogo wangu hata hakugeuka, hakujua kama video imeanza. Video ya dada ilichelewa kidogo kuliko zamani, yeye mwenyewe alisema hajaona tofauti. Kama kwako haijatulia hivyo, shusha ule mpaka wa spidi kwa asilimia 5 upime tena, shusha tena mpaka itulie, halafu ukishatulia panda kidogo kidogo uone mwisho wake uko wapi. Aplodi peke yake kwanza, ukimaliza ndo daunlodi, usichanganye vyote kwa pamoja maana hutajua kipi kimefanya nini.

Halafu andika zile namba kwenye karatasi ubandike chini ya ruta, pamoja na tarehe. Sisi tulivyokuja kupandisha kifurushi kwenda 40 tulikaa karibu mwezi mzima tunalipa 40 na kupata 17, maana ruta ilikuwa bado inatii ile mipaka niliyoiwekea, na hamna aliyekumbuka mpaka siku nilipoigeuza ruta kufuta vumbi nikaona karatasi.